Vumbi la Morogoro katika Bonde la Vilima Elfu

Wakimbiaji wa mbio za Comrades huanza safari yao gizani. Jumapili ya Juni 9, 2024, saa kumi na moja na nusu alfajiri, maelfu yao walikuwa wamejazana mbele ya Jumba la Jiji la Durban, wengine wamejifunika mifuko myeusi ya taka ili joto la mwili lisiwatoroke. Waliimba Shosholoza, wimbo wa vibarua waliopandishwa treni kwenda migodini, kisha vipaza sauti vikatoa mlio wa jogoo. Jogoo huyo ni mtu: mwaka 1948 mkimbiaji Max Trimborn aliwika kwa kinywa chake mwenyewe pale mwanzoni, watu wakapenda, na sauti yake imebaki. Bunduki ikalia, na ule umati ukaanza kusogea kuelekea Pietermaritzburg, karibu kilomita 86 za kupanda bara.

Mimi sikwenda kukimbia. Nilikwenda kutazama, na sababu yangu ilikuwa ya nyumbani. Nimezaliwa Morogoro, chini ya Uluguru, na mbio hizi ambazo watu wa Afrika Kusini wanazionea fahari zina mzizi katika vumbi letu. Vic Clapham, dereva wa treni wa Pietermaritzburg, alikuwa askari katika kikosi cha nane cha askari wa miguu wa Afrika Kusini kilichopelekwa Afrika Mashariki ya Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikosi chake kilitembea kama kilomita 2,700 katika nchi ambayo leo ni Tanzania, kwenye pori, matope, kiu na malaria. Aliporudi aliwaomba wakubwa wa chama cha askari wastaafu ruhusa ya kuanzisha mbio ndefu za kuwakumbuka wenzake waliokufa. Wakamkatalia, akarudi tena, wakamkatalia tena. Mwaka 1921 wakakubali, wakamkopesha pauni moja. Mei 24 mwaka huo watu 34 waliondoka Pietermaritzburg kuteremka Durban. Waliofika ni 16, na Bill Rowan akawatangulia kwa saa 8 na dakika 59.

Tangu hapo mwelekeo kwa kawaida hubadilishwa, mwaka mmoja kupanda, mwingine kushuka. Mwaka niliokwenda ulikuwa wa kupanda.

Mwenyeji wangu ni kijana wa Bukavu anayelinda magari katika maegesho ya Durban. Kiswahili hakikosi watu mjini humo. Pita mitaa ya Point au Albert Park utakisikia cha Kigoma, cha Kivu na cha Tanga katika baraza moja. Yeye aliniita yaya, kama kwao wanavyomwita ndugu mkubwa, na mimi nikamwita mdogo wangu. “Yaya, vaa koti,” aliniambia tulipoingia garini. “Kule juu kuko baridi.” Pwani ya Durban Juni ni majira ya kutembea ufukweni kwa shati jepesi, nikadhani ananitania.

Barabara ya zamani ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mbio, hivyo tulipanda kwa N3. Sambamba nasi, nje ya macho yetu, wakimbiaji walikuwa wanavimaliza vilima kimoja kimoja. Vikubwa ni vitano na kila mtoto wa hapa anavijua kwa majina: Cowies Hill, Fields Hill, Botha's Hill, Inchanga, na Polly Shortts, kinachowasubiri mwishoni kabisa wakati miguu imeshakataa. Tuliacha gari mbali, tukamalizia kwa miguu hadi ukingo wa bonde karibu na Drummond, ambako nusu ya njia hufika. Pale nilifunga koti hadi shingoni.

Bonde la Vilima Elfu halikuhesabiwa na mtu, na ukilitazama hutamlaumu aliyekata tamaa. Mto uMngeni umelichimba kwa miaka isiyo na idadi, ukaacha migongo ya vilima ikifuatana mpaka inapotelea kwenye ukungu. Chini kuna nyumba za msonge na za matofali zilizotawanyika, kila ukoo na mteremko wake, ng'ombe wakishuka mtoni. Mvua za huku ni za kiangazi, Oktoba hadi Machi. Ifikapo Juni majani yamekauka na kuwa rangi ya simba. Kinachowaka ni mishubiri. Huchanua wakati huu wa baridi, mashina yake yamesimama kwenye miamba na mashada mekundu kichwani, na ndege wanyonya asali hawatulii.

Mama mmoja aliyepanda kutoka KwaNyuswa alikuwa ameweka beseni la amagwinya kando ya barabara, maandazi makubwa yasiyo na iliki, pamoja na chai ya moto. Mdogo wangu alitafsiri Kizulu chake. Nilimuuliza kama huja hapa kila Juni.

“Juni na mingineyo, mwanangu,” alisema. “Bonde hili halikai bila wapita njia. Mimi najua tu nani atapita lini na atakuwa na njaa ya nini.”

Alinieleza mwaka wake, nami nimeufuatilia baadaye na kuona hakuongeza chumvi. Januari ni ya waumini wa Shembe, kanisa la Wanazareti lililoanzishwa na Isaiah Shembe mwanzoni mwa karne ya 20. Maelfu yao, wamevaa kanzu nyeupe, huenda kwa miguu kuhiji mlima mtakatifu wa Nhlangakazi upande wa kaskazini, mikeka na vyungu vikiwa vichwani, watoto mgongoni. Joto ni kali na radi hupasua anga karibu kila jioni, lakini hakuna anayeahirisha.

Februari, mvua zikiwa zimeujaza mto, ni zamu ya mitumbwi ya Dusi. Mashindano hayo hutoka Pietermaritzburg hadi Durban kwa mto Msunduzi na uMngeni, kilomita 120 hivi, siku tatu. Ian Player, aliyekuja kujulikana kwa kuwaokoa vifaru weupe, aliyaanzisha mwaka 1951. Mara ya kwanza waliondoka wanane, akafika yeye peke yake, tena baada ya kuumwa na nyoka njiani. Kinachowashangaza wageni ni kwamba mpiga kasia hutumia muda mwingi nchi kavu: penye maporomoko au mzunguko mrefu hubeba mtumbwi begani akakimbia nao kupanda kilima, kisha akashuka majini tena. Kwa miaka mingi watoto wa bonde walikuwa watazamaji tu, wakiwaonyesha Wazungu njia za mkato. Siku hizi wanakaa wenyewe ndani ya mitumbwi, na mwaka 2014 Sizwe Ndlovu, akishirikiana na Andy Birkett, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda Dusi.

Kisha Juni, wakimbiaji. “Hawa hawanunui,” mama alisema akicheka. “Wanaonunua ni wanaowasubiri.”

Na wanaowasubiri walikuwa wengi. Familia zilikuwa zimefika usiku, zikaweka viti, mablanketi na majiko ya mkaa. Moshi wa nyama na soseji ulitanda barabarani kabla jua halijachomoza vizuri. Mbele yetu kulikuwa na meza ya maji, wanafunzi wamepanga vifuko vidogo vya plastiki, viazi vilivyochemshwa kwa chumvi, ndizi na machungwa. Mkimbiaji hunyakua kifuko, hukitoboa kwa meno, hunywa nusu na nusu nyingine hujimwagia kichwani.

Wa mbele walipita kama walioibiwa. Nilimwona Gerda Steyn, mwepesi, uso umetulia, na watu wakamwita kwa jina lake la kwanza kana kwamba ni jirani. Siku ile alishinda upande wa wanawake kwa saa 5, dakika 49 na sekunde 46, rekodi mpya ya kupanda. Kwa wanaume alishinda Mholanzi, Piet Wiersma, kwa saa 5 na dakika 25. Lakini umati haukuja kwa ajili yao. Walipokwisha kupita, majiko yakaongezwa mkaa. Sherehe ndiyo kwanza inaanza.

Karibu na hapo, kwenye ngema ya barabara, kuna shimo linaloitwa Kiti cha Arthur. Ni la Arthur Newton, aliyeshinda mara tano miaka ya 1920, na inasemwa hapo ndipo alipopumzikia. Ukimwamkia na kumwachia ua, nusu ya pili ya safari itakuwa nyepesi. Nilishuhudia watu wazima, mahakimu na mafundi bomba kwa ninavyojua, wakichuma majani ya kando ya njia na kuyaweka pale kwa adabu zote.

Si kila mguu uliruhusiwa barabara hii. Mwaka 1923 mwanamke, Frances Hayward, aliimaliza, na mwaka 1935 Robert Mtshali, Mwafrika, naye akaimaliza; wote wawili hawakuandikwa katika orodha rasmi. Mlango ulifunguliwa kwa wote mwaka 1975. Mweusi wa kwanza kushinda, Sam Tshabalala, alishinda mwaka 1989. Nikiwa nimesimama Drummond nikiona walimu, polisi, wauguzi na wafanyakazi wa mashamba wakipita bega kwa bega, niliona ni kwa nini watu huleta watoto wao kutazama.

Mchana tulisogea Inchanga. Hapo ipo shule ya Ethembeni, ya watoto wenye ulemavu wa viungo na wa macho. Walikuwa wamepangwa kando ya barabara, wengine kwenye viti vya magurudumu, mikono mbele. Kila mkimbiaji aliyepita aligonga viganja vyao, hata wale waliokuwa wanachechemea na wasio na sekunde ya kupoteza. Mtoto mmoja asiyeona alikuwa anahesabu viganja kwa sauti. Alipopoteza hesabu alianza upya bila kununa.

Saa kumi na moja tulikuwa uwanja wa mbio za farasi wa Scottsville, Pietermaritzburg. Comrades ina saa kumi na mbili tu. Ikigonga saa kumi na moja na nusu jioni, ofisa hugeukia upande mwingine, mgongo kwa mstari wa mwisho asije akamwonea mtu huruma, na kufyatua bastola. Aliyefika sekunde moja kabla ana medali ya shaba nyekundu yenye jina la Vic Clapham. Aliyefika sekunde moja baadaye hana kitu. Dakika za mwisho niliona mtu akiburutwa na wawili asiowajua, na umati mzima umesimama unapiga kelele ya kumsukuma. Walivuka. Nyuma yao kundi jingine lilisimamishwa hatua chache tu kabla.

Hapo ndipo vumbi la kwetu lilinirudia. Majeshi aliyokuwamo Clapham yaliingia Morogoro Agosti 26, 1916. Chakula chao, risasi zao na majeruhi wao vilibebwa vichwani na watu wetu. Upande wa Waingereza peke yake inakadiriwa wapagazi zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa njaa na maradhi. Tuna sanamu ya Askari pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, na kila siku tunaipita tukiwahi daladala. Clapham naye angeweza kuomba sanamu. Aliomba barabara, na kwa sababu hiyo zaidi ya miaka mia baadaye mtu wa Soweto ambaye hajawahi kuisikia Morogoro anaumia magoti kwa ajili ya marafiki wa dereva wa treni. Jiwe hukumbuka kwa niaba yetu. Mbio hutulazimisha tukumbuke wenyewe.

Nilimwambia mdogo wangu hayo tukitafuta gari gizani. Nikaongeza kwamba Morogoro hadi Chalinze si mbali sana na urefu wa Comrades, na kwamba mizigo tunayo: kila mkimbiaji angeweza kuanza na kilo moja ya unga mgongoni, kwa heshima ya wapagazi.

“Yaya,” alisema, “meza ya kwanza ya maji mutaweka wapi?”

Kingolwira, nilijibu bila kufikiri. Kisha Mikese, Bwawani, Ubena Zomozi. N3 ikituteremsha pwani, sisi tulikuwa tumeshakaribia Chalinze, tukibishana kama mwisho uwe saa kumi na mbili au kumi na nne, maana joto la huko halina huruma, na unga wote huo utapikwa na nani.