Inshaallah ya fundi



Nawaandikia kutoka Singida mjini. Mwezi wa Muharram umeandama juzi tu, na upepo wa kipupwe unapiga mabati utadhani kuna mtu anadai. Watoto wamelala. Nimefungua kaunta buku mpya, nimechora mistari kwa rula ya kukatia nguo, na ninapanga kazi zangu za mwaka mzima: za kushona upande mmoja, za kusuka upande wa pili. Mwenzenu ni fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikasoma kozi ya ushonaji, na duka langu lina miaka tisa sasa. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kupanga kazi zaidi ya wiki moja mbele. Mteja akija na kitambaa, napokea. Akiuliza lini, nasema Ijumaa, inshaallah.

Hiyo inshaallah ndiyo iliyoniponza.

Kabla ya Ramadhani iliyopita alikuja binti mmoja na mama yake. Nikaha yake ilikuwa siku kumi na mbili baada ya Idi. Walileta satini nyeupe, lesi, shanga na kitambaa cha shela. Nikampima, nikachukua advansi, nikaandika jina lake kwenye karatasi na kuibana kwenye kitambaa kwa pini. Kisha nguo za Idi zikaanza kumiminika: madera, abaya, magauni ya watoto, kanzu mbili tatu. Nilipokea nguo 46. Kila aliyekuja nilimwona na watoto wake nikashindwa kusema hapana. Na tuseme ukweli, niliona na hela pia.

Gauni la bi harusi nililikata zikiwa zimebaki siku nne. Umeme ukakatika siku mbili. Nikahamia kwenye cherehani ya kukanyaga, lakini satini inayoteleza na macho yenye usingizi havipatani. Asubuhi ya nikaha nilikuwa chumbani kwao, nimepiga magoti kwenye mkeka, napinda pindo kwa sindano ya mkono huku bi harusi ameshalivaa gauni na shangazi zake wamesimama kimya. Mkono mmoja ulivuta begani. Shela haikuwa na lesi, akaazima ya dada yake. Zile shanga alizozichagua mwenyewe zilibaki dukani ndani ya mfuko.

Mama yake hakunigombeza. Alinisindikiza hadi mlangoni akasema, "Mwanangu, si ungeniambia tu kwamba hutaweza? Ningetafuta fundi mwingine mapema." Wiki ile ile nilirudisha hela yote. Aliipokea, akaniombea dua njema, na sikupata raha kwa ile dua. Picha za harusi zipo, na bega lile limekunjamana katika kila picha.

Nilikuwa nikijitetea moyoni: nilisema inshaallah, na Mwenyezi Mungu hakutaka. Siku moja, nikiwa nimekaa baada ya sala ya Alfajiri, niliona aibu. Mimi nilikuwa sijahesabu kitu. Nilikuwa nimelitumia jina la Mola wangu kufunika uzembe wangu. Sijui mafundi wangapi tunafanya hivyo, na wateja wameshatuzoea, ukisema inshaallah wanajua hapo nguo haipo.

Basi nikahesabu. Nilikaa na saa ya ukutani mwezi mzima, naandika kila nguo inachukua muda gani. Dera ni saa moja na nusu. Abaya yenye lesi ni saa nne. Gauni la mtoto lenye marinda ni saa tatu. Ukipiga wastani wa saa tatu kwa zile nguo 46, unapata saa 138. Mwezi wa Ramadhani, ukitoa kupika futari, tarawehe na wageni, ninakaa kwenye cherehani saa tano kwa siku. Kwa siku 26 ni saa 130. Binti anayenisaidia anapinda, anatia vifungo na kupiga pasi, kukata na kushona ni mimi. Kwa hiyo nilikuwa na upungufu wa saa nane hata kabla sijaligusa gauni la yule binti, na gauni la namna ile, pamoja na bitana na shanga za mkono, ni saa 36. Hesabu ya darasa la nne hii, na ingenichukua dakika tano kuifanya.

Jambo lililonisumbua zaidi kwenye kupanga ni kalenda zetu mbili. Januari ni sare za shule, hiyo haisogei. Alizeti huvunwa kuanzia Mei hadi Julai, hela inaingia mikononi mwa watu, na maharusi ya huku hufuata hela. Lakini Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ya 2027 tunaitarajia karibu tarehe 8 Februari, na ya 2028 mwishoni mwa Januari, kwa kutegemea mwandamo. Mwaka 2029 itaingia katikati ya Januari. Mnaona inapoelekea? Sare na nguo za Idi zitakuja kugongana juu ya cherehani moja. Kwa hiyo sare nitaanza kuzishona Novemba, saizi za kawaida, niziweke kwenye shelfu.

Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kuandika kurasa zangu kwa mifungo, kama walivyohesabu wazee wa pwani: mfungo mosi mara baada ya Ramadhani, mfungo sita ndio wa Maulidi, hadi kufika mwezi wa mlisho, yaani Shaaban, kisha Ramadhani tena. Chini ya kila mfungo nimeandika na mwezi wa kawaida. Gauni la harusi ni mawili tu kwa mwezi. Mwezi wa Ramadhani hakuna hata moja, na nguo za Idi mwisho ni 30.

Bi harusi mtarajiwa unayesoma, niombee radhi kwa mafundi wote, halafu nisikilize. Mpelekee fundi kitambaa miezi mitatu kabla. Pimwa mara mbili, mara ya pili wiki mbili kabla ya siku yako, maana wengine mnapungua kwa mawazo na wengine mnanenepa kwa kuwekwa ndani. Na muulize fundi wako ana magauni mangapi mwezi huo. Akikujibu inshaallah tu bila idadi, mwombe akuonyeshe daftari.

Upande wa kusuka una mistari miwili, na huo sikuuandika kwa ajili ya wateja.

Wa kwanza ni mkeka. Mama mkwe amenipa ukindu wake, umeshapasuliwa chane na kutiwa rangi, nyekundu na zambarau. Ukili wangu ni wa upana wa vidole vitatu. Kwa mkeka ninaoutaka nahitaji kama pima 25, na kwa usiku mmoja baada ya Isha nasuka nusu pima, nikiwa sijachoka. Ni usiku 50, kisha kuziunga. Nimeupangia hadi mfungo sita na kuendelea, bila haraka.

Wa pili ni kikapu cha bibi yangu. Bibi ni Mnyaturu, anaishi kijijini, na tangu nikiwa mdogo kiangazi kikiingia na mavuno yakiisha nilimwona na nyasi mapajani. Vidole vyake sasa vinakakamaa asubuhi. Mimi najua kuanza kitako tu. Pale kikapu kinapoanza kupanda na nakshi kuingia, huwa anaichukua kazi mikononi mwangu na kuimalizia mwenyewe. Mwaka huu nimemwomba asiichukue. Alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, mbona siku zote ulikuwa na haraka ya mjini?"

Jana alikuja msichana anataka gauni la nikaha la mwezi huu huu. Alikuwa na hela mkononi, taslimu, na kodi ya duka iko karibu. Nikafungua kaunta buku mbele yake. Mistari miwili ya magauni ilikuwa imejaa. Nikamwonyesha, nikampeleka kwa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili ambaye ana nafasi, nikarudi dukani nikakaa kimya muda mrefu nikiiwaza ile kodi.

Alhamisi nafunga duka saa sita mchana. Bibi amenitumia salamu kwamba nyasi ameshazikata.