Deni la Mwenye Laini

Simu ya kwanza ilikuja saa kumi na mbili asubuhi. Kijana akataja jina la mwanamke tusiyemjua. Mama akasema si yeye. "Usinicheze, mathe. Lipa 6,400 leo, ama tupigie watu wako wote wajue."

Mama anauza maziwa ya ngamia hapa Isiolo. Simu yake ni mulika mwizi, hata programu ya mkopo haiwezi kuingia. Ila laini ilikuwa mpya kwake tu. Mwenyewe wa kwanza aliiacha, kampuni ikaiuza upya. Yule mwanamke akaenda zake, deni likabaki kwenye namba.

Usiku nikamkuta Mama akihesabu pesa za maziwa. Alitaka kulipa. "Wanyamaze tu," akasema.

Hapo ndipo nilipokasirika. Mama mwenyewe anadai watu nusu ya soko, na hajawahi kumdai mtu bila kumtajia siku, lita, na nani alikuwepo.

Kesho yake nikapokea mimi. "Kaka, mkopo ulichukuliwa tarehe gani? Linganisha kitambulisho mlicho nacho na cha Mama. Na leseni ya Benki Kuu mnayo?"

Akacheka. "Sheria umesomea wapi, Isiolo?"

Ndiyo, Isiolo, kwa bando ya shilingi ishirini. Kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kutisha, kutukana, au kupigia watu walio kwenye simu ya mdaiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 26, inakupa haki ya kutaka habari za uongo kukuhusu zirekebishwe au zifutwe. Wakikataa, kuna Kamishna wa Data wa kumlalamikia. Nikawaandikia hayo yote kwa barua pepe. Kimya.

Mama hayo ya Nairobi hayakumgusa. Kilichomgusa ni nilipomkumbusha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu deni: liandikwe, liwe na mashahidi. Akazirudisha pesa kwenye kibeti.

Alhamisi wakapiga tena. Hakuniita. Nikamsikia tu akiuliza, jerikeni mkononi: "Siku gani? Na shahidi ni nani?"