Chakula na matembezi ya ziwani: safari yetu ya Rusizi

Mwezi huu tunawapeleka Rusizi, mji ambao wakubwa wetu bado wanauita Cyangugu, kule mwisho wa kusini wa Ziwa Kivu. Tulikwenda walimu wanne wa kujitolea, pamoja na mama mmoja mzee wa kambini aliyekuwa na ndugu wa kusalimia huko.

Sababu ya safari ilitoka darasani. Watoto walikuwa wameona picha za meli za kitalii za Bahari ya Karibi. Wakauliza: "Mwalimu, watu wakikaa juma zima majini, wanakula nini? Na wanafanya nini?" Tukawaeleza. Meli moja, Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Chakula kipo tangu asubuhi mpaka usiku, mtu anajipakulia anavyotaka, maana ameshalipa pamoja na tiketi. Meli ikifika bandari kama Nassau au Cozumel, abiria wanashuka kutembea masaa machache, halafu wanarudi kabla haijaondoka. Mtoto mmoja akasema: "Basi sisi hatuna kitu kama hicho."

Neno hilo lilitukaa moyoni. Kambi yetu ya Kiziba iko juu ya mlima, na ziwa liko pale chini, lakini wengi waliozaliwa hapa tangu kambi ifunguliwe mwaka 1996 hawajapanda boti hata siku moja. Tukasema twende tuone, tuje tuwaambie.

Njiani na sokoni

Kutoka Karongi tulipanda basi kupitia Nyamasheke. Barabara ni kona juu ya kona, ziwa likiwa upande wa kulia, linajificha, linatokea tena. Ukikaribia Rusizi unaona mashamba ya chai ya Shagasha, kijani tupu. Mji wenyewe ni kama miji miwili. Kamembe iko juu, na ndiko kwenye soko na magari. Cyangugu yenyewe iko chini, kando ya maji, karibu na daraja la kwenda Bukavu.

Hapo ndipo Mto Rusizi unapotoka ziwani kwenda Ziwa Tanganyika. Watoto, shikeni hesabu hii: Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika liko karibu mita 770. Maji yanashuka karibu mita 700! Ndiyo maana mto huo una nguvu ya kuendesha mitambo ya umeme ya Rusizi I na Rusizi II.

Sokoni Kamembe Kiswahili kinasikika kila meza, kwa sababu ya biashara na Bukavu. Tulinunua sambaza, tukakaangiwa, tukala na viazi ulaya na pilipili. Sambaza wa moto huliwa wazima, kichwa na mkia, humtupi mtu kitu.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawalijui. Sambaza si wenyeji wa Ziwa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa Wabelgiji. Ni ndugu wa wale ndagala wa Uvira na Bujumbura. Kabla yao, sehemu kubwa ya katikati ya ziwa haikuwa na samaki wa kuvua. Leo ndio wanalisha Rwanda na Kongo pande zote mbili. Mama yetu aliposikia hayo alicheka, akasema: "Kumbe hata samaki ni mgeni, na hakuna anayemuuliza atarudi lini kwao!"

Ndani ya boti

Siku ya pili tulipanda boti ya mbao yenye injini kwenda kisiwa cha Nkombo, ambacho ni sehemu ya wilaya ya Rusizi. Nahodha hakuwasha injini mpaka kila mtu amevaa lile koti la kuelea, ambalo wengi wetu tunaliita jile. Kijana mmoja alitaka kulikalia kama mto wa kiti. Nahodha akamwambia: "Maji hayajui kama wewe ni kijana."

Kule kwenye meli kubwa kuna wapishi. Kwenye boti yetu kila mtu alikuja na jiko lake tumboni mwa kapu. Tuliona viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga na maandazi. Sisi tulikuwa na mayai na mkate. Mara tu boti ilipoachana na ukingo, mama mmoja wa Nkombo alifungua kapu lake na kuanza kugawa viazi vitamu, bila kuuliza nani ni nani. Mama yetu naye akatoa karanga zake. Dakika chache baadaye kila mkono ulikuwa na kitu ambacho si chake.

Watu wa Nkombo wanaongea Kihavu, pamoja na Kinyarwanda. Mama yetu ni mzaliwa wa Kalehe, na utotoni alicheza na watoto wa Wahavu. Aliposikia lugha ile ndani ya boti alinyamaza kidogo, halafu akajibu salamu kwa Kihavu. Sisi tuliomjua miaka yote kambini hatukujua kama anakijua.

Kutoka majini Bukavu inaonekana wazi, nyumba zimepanda milima na kushuka mpaka kwenye maji. Aliitazama sana. Hakulia. Alituonyesha kwa kidole upande wa kwenda Kalehe, akasema: "Watoto wangu nimewaambia habari za kule, lakini sijawahi kuwaonyesha." Sisi hatukuvuka. Mkimbizi havuki tu kama mfanyabiashara wa sambaza. Lakini macho hayaombwi karatasi.

Tangu mwaka 2023 Ziwa Kivu nalo lina meli yake ya kitalii, Kivu Queen, yenye vyumba 10 vya kulala na mgahawa. Ni ya wenye pesa nyingi. Lakini maji wanayopita ndiyo haya haya, na visiwa ni vile vile.

Usiku tulikaa ukingoni kuwaangalia wavuvi. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zinawashwa kuvuta sambaza juu, na wavuvi wanaimba wakipiga kasia. Ziwa zima linakuwa kama mji wenye taa.

Kwa familia zinazotaka kwenda

1. Ruhusa kwanza. Beba kitambulisho cha mkimbizi na karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini.

2. Beba chakula cha kutosha na maji ya kunywa. Ongeza kidogo cha kumpa jirani.

3. Jile kwa kila mtu, hata mtoto mchanga. Boti ikijaa kupita kiasi, shuka, hata kama umeshalipa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiangalia kutoka nchi kavu. Vita vilikuwa vimefunga barabara, watu wakajazana majini, na wengi walikufa. Tunawaombea. Na tusisahau somo.

4. Nenda asubuhi. Mchana upepo unaweza kuleta mawimbi.

Wazazi, nendeni na watoto mnapoweza. Kama nauli ya Rusizi ni nzito, hata boti ya hapa karibu Karongi inatosha kuanza. Na nyinyi wazee mliosafiri zamani kwa boti kati ya Bukavu na Goma, tunawaomba mje darasani Ijumaa baada ya masomo. Mtueleze mlikula nini mle ndani, mlisimama visiwa gani, na mlikuwa mnaimba nini. Watoto wataandika, na majibu yao tutayachapa mwezi ujao.