Nilimwambia dada ‘kuna utafiti’, mtoto akaacha dawa ya kifafa

Alhamisi moja saa nne asubuhi, nikiwa chumba cha habari nahangaika na habari ya chanjo, simu ya dada yangu iliita. Dada anajua saa za kazi huwa sipokei, kwa hiyo akipiga muda huo ujue kuna jambo. Nilipopokea nilimsikia analia.

“Mdogo wangu, ameanguka shuleni. Wanasema hajaamka.”

Mtoto wake wa kwanza ana miaka minane na ana kifafa. Kilianza akiwa na miaka mitano. Mwanzoni tulidhani ni degedege la homa, lakini aliendelea kuanguka hata siku ambazo mwili haukuwa na joto. Tulihangaika huku na huko, ikiwemo kwa mganga aliyetaka mbuzi, hadi akafikishwa hospitali. Alianzishiwa kabamazepini, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Kuanguka kulipungua kidogo kidogo, na hadi ile Alhamisi alikuwa na miezi saba bila kuanguka hata mara moja.

Niliomba ruhusa, nikapanda basi la Morogoro. Njia nzima nilikuwa najiuliza kimetokea nini, wakati mtoto alikuwa anaendelea vizuri. Sikujua kwamba sehemu ya jibu ilikuwa ndani ya simu yangu mwenyewe.

Nilimkuta wodini amelala, mdomo umevimba. Alitetemeka zaidi ya dakika kumi, na mtu mmoja pale shuleni, kwa nia njema kabisa, alimwingiza kijiko mdomoni ili asijing’ate ulimi. Kijiko kilivunja jino. Daktari wa zamu, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimuuliza dada swali moja tu: “Dawa anakunywaje?”

Dada akaangalia chini. “Anakunywa, daktari.”

“Naomba uje na pakiti ya vidonge kesho.”

Usiku ule nyumbani tulivimwaga vidonge mezani tukavihesabu. Alikuwa amechukua 60 kliniki siku 28 zilizopita. Kwa vidonge viwili kwa siku, vilitakiwa kubaki vinne. Vilikuwa 31.

Hapo ndipo dada aliponieleza yote. Jirani yake anauza virutubisho, vile vya kwenye chupa nzuri ambavyo mtu anaingizwa kwenye kundi, kisha naye anatafuta wateja. Chupa moja Sh85,000. Alimwambia kwamba kifafa kinatokana na “sumu kwenye ubongo” na kwamba chupa ile ina antioksidanti za kuiondoa. Dada hakukurupuka. Aliniuliza mimi kwanza, maana mimi ndiye msomi wa familia na kazi yangu ni kuandika habari za afya.

Nilirudi kwenye simu nikatafuta ujumbe huo. Alikuwa ameniandikia: “Mdogo wangu, hizi antioksidanti zinasaidia kifafa kweli?” Nami, nikiwa kwenye foleni ya daladala, nilimjibu: “Kuna utafiti dada, unaonyesha matumaini.” Nikaweka simu mfukoni.

Sikusema uongo, lakini nilisema nusu, na dada aliitumia nusu hiyo kama ruhusa. Wiki ya kwanza alimpa mtoto vyote viwili. Mtoto hakuanguka, naye akaisifu chupa, akasahau miezi saba ya vidonge. Kisha, kwa kuwa fedha ilikuwa imeisha na jirani alishasema “dawa za hospitali zinachosha ini,” akapunguza kidonge cha asubuhi. Baadaye akaacha na cha jioni. Siku ya tisa bila dawa, mtoto akaanguka.

Ngoja niieleze sasa ile nusu niliyoibakiza, kama nilivyopaswa kumweleza dada siku ile.

Ubongo ni kama asilimia mbili tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia takriban asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Katika matumizi hayo huzalishwa chembe haribifu, na kwa kawaida mwili una njia zake za kuzidhibiti. Mtu anapopata mshtuko wa kifafa, seli za ubongo hufanya kazi kupita kiasi, chembe hizo huongezeka na zinaweza kuumiza seli. Antioksidanti, kama vitamini C na E, ni vitu vinavyozituliza chembe hizo. Ndiyo maana watafiti walijiuliza: je, tukimwongezea mgonjwa antioksidanti juu ya dawa yake, itasaidia?

Majaribio mengi yamefanyika kwa panya, na baadhi yalileta matokeo ya kutia moyo. Kwa binadamu, mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa watoto 24 ambao kifafa chao kilikuwa hakitulii. Watoto 12 waliongezewa vitamini E, na 10 kati yao walipata nafuu kubwa. Huo ndio “utafiti” niliokuwa nao kichwani. Lakini watoto 24 ni wachache mno, na utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 1994 haukuona tofauti ya maana. Wataalamu waliokuja kuzipitia tafiti za vitamini na kifafa kwa pamoja hawakupata ushahidi wa kutosha wa kumpa kila mgonjwa.

Na jambo kubwa kuliko yote: katika tafiti hizo vitamini ilikuwa nyongeza juu ya dawa za kifafa. Haikuwa mbadala wake.

Asubuhi daktari alilieleza hilo kwa lugha nyepesi kuliko yangu. “Mama, dawa inazuia moto usiwake. Hicho kirutubisho, tuseme kweli kinafanya kazi, kinafuta masizi. Utafutaje masizi huku nyumba inaungua?”

Kisha akaomba aione chupa. Aliisoma lebo taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye neno ginkgo. Ni mmea unaowekwa kwenye virutubisho vingi vinavyouzwa kwa ajili ya kumbukumbu, na zipo taarifa za wagonjwa wa kifafa walioanguka baada ya kuutumia. Akatueleza pia kwamba vitamini B6 na asidi ya foliki kwa dozi kubwa vinaweza kupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za kifafa, na kwamba tunda la balungi linaweza kuongeza kiwango cha kabamazepini mwilini hadi mtoto akapata kizunguzungu. Kumbe hata tunda lina la kusema mbele ya dawa.

Lakini hakumgombeza dada. Alimuuliza kilichomfanya atamani kuacha dawa, na dada akasema ukweli: mtoto alikuwa anasinzia darasani, walimu wanalalamika. Daktari akamjibu kwamba hilo lina ufumbuzi. Dozi inaweza kupangwa upya au dawa ikabadilishwa, ila polepole na chini ya uangalizi. Kuikata ghafla ndiko kunakoweza kuleta mishtuko mirefu isiyokoma, na hiyo inaua. Dada alikuwa na swali halali tangu mwanzo, ila hakuwa na mtu wa kumuuliza zaidi ya jirani mwenye biashara na mdogo wake mwenye haraka.

Bibi yetu mzaa mama alikuja kumwona mgonjwa. Yeye ni wa Mahenge, eneo linalojulikana kwa kuwa na wagonjwa wengi wa kifafa, ambako Dk Louise Jilek-Aall, daktari kutoka Norway, alianzisha kliniki ya ugonjwa huo miaka ya 1960. Bibi anawakumbuka watu waliotengewa vyombo vya kulia kwa kuogopa mate yao, na wengine waliokuwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Kifafa hakiambukizi kwa mate, lakini wakati ule nani angewaambia? Alipoelezwa habari ya vidonge 31, alitikisa kichwa. “Wenzenu walililia dawa. Ninyi mnayo kabatini mnaihesabu.”

Maneno yale yaliniingia mimi kuliko dada.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Mtoto wetu alikuwa ndani ya hiyo 70. Tulimtoa wenyewe.

Mzazi unayesoma hapa, sikukatazi virutubisho. Machungwa, mchicha, karanga na maembe vina vitamini hizo hizo, na mtoto mwenye kifafa ale kama watoto wengine. Ukiletewa chupa, ipige picha lebo yake yote, uipeleke kliniki kabla hujaifungua. Dawa ikimsumbua mtoto, mweleze daktari wake, usiipunguze mwenyewe. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, usimwingize chochote mdomoni, angalia saa. Zikipita dakika tano, mkimbize hospitali. Waeleze hayo na walimu wake. Sisi hatukuwaeleza, na jino halirudi.

Kwangu mimi, kuna kitu nimebadilisha. Ndugu akiniuliza jambo la dawa nami nipo kwenye foleni, namwambia “nitakupigia jioni.” Jioni nampigia, namuuliza kwanza mgonjwa anatumia nini na nani amemshauri nini. Inachukua dakika ishirini. Wakati mwingine namalizia kwa kumwambia aende kliniki, nami namkumbusha kesho yake.

Mtoto amerudi shule. Dozi yake ilipangwa upya na kusinzia kumepungua. Ukutani jikoni dada amebandika kalenda, na kila kidonge kinachonywewa yeye mwenyewe mtoto anaweka alama kwa kalamu nyekundu. Wiki iliyopita alinipigia kwa simu ya mama yake.

“Mamdogo, leo nimeweka alama mbili. Mama alisahau ya asubuhi, nikamkumbusha.”