Kondoo Halii

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nina jambo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita, nikaona niliandike kabla halijapoa.

Nilikuwa kwenye basi natoka Dar kwenda Moshi. Mnaoijua njia ile mnajua kwamba ukishapita Hedaru na Makanya, milima ya Upare inakusindikiza mkono wa kulia mpaka Same. Kushoto ni nyika, vumbi na miiba. Karibu na Same kijana mmoja alikuwa anavusha kondoo barabarani. Dereva akapiga honi, akafoka. Abiria mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Hawa kondoo bwana, hawana akili kabisa!" Basi zima likacheka. Mimi nilimkumbuka babu.

Babu yangu alikuwa mchungaji. Hapo lazima nifafanue, maana kwa Kiswahili chetu mchungaji anaweza kuwa mtu wa fimbo na mifugo, au mtu wa kola na Biblia. Babu alikuwa wa fimbo. Alikulia upande wa pili wa milima, kule Kisiwani, na ujanani alilisha mifugo katika nyika ya Mkomazi. Nyika hiyo ilifanywa pori la akiba mwaka 1951, baadhi ya wafugaji wakaruhusiwa kubaki humo kwa masharti. Mwaka 1988 serikali ikawaondoa, na mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa. Babu akabaki na kondoo na mbuzi wachache wa kulisha pembezoni. Huwa nasema alijua maana ya kufukuzwa malishoni kuliko wahubiri wengi.

Injili ilipofika Upare haikuhitaji kumweleza mtu mchungaji ni nani. Wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani walifika Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Walutheri nao walikuwa kwenye milima hiyo hiyo. Leo mji wa Same ni makao makuu ya Dayosisi ya Pare ya KKKT na pia ya Jimbo Katoliki la Same. Kote huko habari za Mchungaji Mwema zinahubiriwa kwa watu ambao wametoka zizini asubuhi hiyo hiyo. Hata kondoo na mbuzi wa Mathayo 25 kwetu wanaeleweka vizuri sana, kwa sababu kondoo wetu hawana sufu nyingi kama wa kwenye picha za Shule ya Jumapili. Mtoto wa mjini anawachanganya na mbuzi. Babu alinifundisha kuangalia mkia: wa kondoo unaning'inia, wa mbuzi unasimama.

Nikiwa na miaka tisa, likizo ya Desemba, nilipoteza kondoo mmoja. Nilikuwa nacheza, sitawadanganya. Jioni babu alihesabu mara mbili, hakunichapa. Wale wengine aliwakabidhi kwa jirani, akachukua tochi na panga, akaondoka. Alirudi usiku wa manane kambeba mabegani, miguu ya babu imechanwa na miiba. Nikamuuliza amempataje kwenye giza lile. Akanijibu, "Mbuzi akikwama atapiga kelele mpaka kijiji kizima kijue. Kondoo halii. Kondoo unamfuata mwenyewe."

Nilidhani ni somo la ufugaji tu.

Miaka ikapita. Dada yangu mmoja, mtoto wa mama mkubwa, alipata mimba kabla ya ndoa. Usharika wao siutaji, maana hata wewe msomaji unaweza kuwa na wako wenye habari kama hii. Alitengwa. Waliokulia kanisani mnalijua neno hilo. Hushiriki Meza ya Bwana, kwaya unaiacha, na mtoto wako anasubiri ubatizo mpaka wewe utakapotubu mbele ya watu. Siku hiyo inaitwa siku ya kurudi kundini. Yule kijana aliyempa mimba alikana, na Jumapili iliyofuata akaendelea kuimba besi kama kawaida.

Dada hakulalamika. Alihamia Same mjini, akapanga chumba, akawa anauza tangawizi na ndizi kutoka milimani. Miaka minne. Nyumbani tulisema, "Akiwa tayari atarudi." Hata mimi nilisema hivyo, tena kwa upole kabisa, nikijiona mtu mwenye busara.

Hebu fikirieni. Katika Luka 15 mwenye kondoo mia anawaacha tisini na tisa, anamfuata mmoja aliyepotea mpaka ampate. Kwetu tulikuwa tumeigeuza habari yote. Kondoo ndiye aliyetakiwa kuitafuta njia, apande mlima peke yake, akifika asimame mbele ahesabiwe makosa. Sisi tisini na tisa tumekaa kwenye mabenchi tunamsubiri, tukiita kusubiri kule uvumilivu.

Aliyekwenda ni babu. Alishuka na basi la asubuhi, akamkuta dada kwenye meza yake ya biashara. Dada alinisimulia baadaye kwamba babu alimwambia neno moja tu, "Nimekufuata." Wakala makande, babu akambeba mtoto, hakugusia kanisa kabisa. Akarudi tena mwezi uliofuata. Na uliofuata. Mara ya nne dada mwenyewe ndiye aliyesema, "Babu, nataka mtoto abatizwe."

Siku ya kurudi kundini nilikuwepo. Majina yakasomwa, waliotengwa wakasimama mbele. Dada akasimama, kichwa chini. Ndipo babu, mzee wa miaka sabini na kitu, akainuka kwenye benchi, akatembea polepole na fimbo yake, akaenda kusimama pembeni ya dada. Watu wakaanza kunong'onezana, wengine wakacheka kichinichini: mzee naye kafanya nini? Mzee wa kanisa mmoja akamnong'oneza kwamba jina lake halimo. Babu akajibu kwa sauti ya kawaida, "Najua." Akabaki pale pale mpaka sala ilipokwisha.

Sijui theolojia, mimi ni mwandishi wa habari. Sisemi kanisa liache kukemea dhambi. Lakini tangu siku ile, nikisikia neno wokovu sifikirii mikutano na vipaza sauti. Namwona mzee asiye na kosa kwenye mstari wa wakosaji.

Babu ametangulia. Hakuacha mali ya kutajwa, mifugo yenyewe ilikuwa imepukutika. Mtoto yule wa dada sasa ni kijana, anasoma sekondari, na fimbo ya babu iko chumbani kwake.

Kuna mtu kwenye simu yako ambaye amenyamaza muda mrefu. Ninaye na mimi. Tulikuwa tunasubiri apige. Nikimaliza kuandika hapa, nampigia.

Jumapili njema.