Unaona

Kamembe, Rusizi
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Goti langu la kushoto limeanza tena maneno yake ya msimu wa mvua. Mdogo wako alinisomea ujumbe wako, nikamwambia arudie, kisha nikaomba kalamu. Mambo haya siyawezi kwenye simu, kidole changu kimoja ni kipana kuliko herufi tatu.

Unasema Ijumaa kwenye kesha unamsikia Mungu kama moto kifuani, lakini Jumatatu ukiingia zamu wodini huoni hata moshi. Unauliza umekosea wapi. Mwanangu, mimi shangazi yako niliishi hivyo zaidi ya miaka thelathini, tena nikiwa mwanakwaya.

Unaijua methali ya kwetu, Imana yirirwa ahandi igataha i Rwanda: mchana Mungu hushinda kwingine, jioni hurudi kulala Rwanda. Bibi yako aliishi nayo. Hakulala bila maji ndani ya nyumba, hata kibuyu kimoja, kwa kuwa wazee walisema Mungu huja usiku kumfinyanga mtoto tumboni mwa mama, na mfinyanzi hafanyi kazi bila maji. Alikuwa amebatizwa, Jumapili hakosi, na maji yake anayaweka vilevile. Nilikuwa namcheka. Siku hizi simcheki, maana yeye walau alimtengea Mungu kitu ndani ya nyumba. Sisi tuliookoka tuliichukua methali ile tukaifanya ratiba: usiku wa kesha ni wake, mchana wa soko ni wetu.

Na soko langu unalijua. Nilikuwa nawangoja wavuvi alfajiri pale ufukweni, wakirudi na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu imetokeza mbele na nyuma, wakiimba huku wanapiga makasia. Usiku kucha taa zao huwa ziwani kama mji mwingine. Sambaza, samaki wetu mdogo, huifuata taa, ndivyo anavyovuliwa. (Yeye mwenyewe ni mgeni hapa Kivu, aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, na leo hatujui tungekula nini bila yeye.) Nikishanunua navuka daraja la Rusizi ya kwanza, beseni kichwani, hadi Bukavu. Huko napima kwa kopo.

Kopo hilo sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani. Lilikuwa la maziwa ya unga, na kitako chake nilikigonga kwa nyundo mpaka kikaingia ndani, vidole viwili hivi. Halafu juu najaza kilima. Mteja haangalii kitako, anaangalia kilima. Anashukuru, anasema mama wa Rwanda ana mkono mzuri. Jioni narudi, naoga, nakwenda mazoezi ya kwaya Gihundwe, pale pale ambapo Wapentekoste wa Sweden waliotokea Kongo walianzisha kazi yao mwaka 1940, nami naimba sauti ya kwanza na machozi yananitoka. Machozi ya kweli, usidhani naigiza. Nilikuwa namhisi Mungu sana.

Basi ikaja 2020. Mwezi wa tatu makanisa yakafungwa, mpaka ukafungwa. Mwezi wa sita, wenzetu nchini wakianza kusafiri, sisi Rusizi tukarudishwa ndani kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeingia kwetu. Hakuna kwaya, hakuna kesha, hakuna Bukavu. Wiki za kwanza nilidhani Mungu ameniacha, maana kile kifua changu kilipoa kama jiko la jana. Beseni nililiegemeza ukutani, na kopo likabaki mezani kwa kuwa mama yako mdogo alilitumia kuchotea maji ya kunawa.

Siku moja nimekaa peke yangu, nalitazama kopo lile. Limeinamishwa, kitako juu, na lile bonde la nyundo limeshika maji kidogo, na ndani ya maji nikaona dirisha. Sikusikia sauti. Sikutetemeka. Nilijua tu kwamba siko peke yangu humu ndani, na kwamba yule mwingine alikuwepo pia Bukavu, kila asubuhi, kila kopo. Hakuwa ameshinda kwingine. Niliona aibu hadi kwenye masikio. Na cha ajabu ni hiki: aibu ile haikunifukuza. Nilikaa nayo hadi jioni, na tangu hapo sijawahi kuwa mpweke.

Mpaka ulipofunguliwa nilikuwa nimeshakigonga kitako kikarudi chini. Wateja waliniuliza mbona sambaza wameongezeka. Faida ilipungua, sitakuficha, na mwaka huo paa halikubadilishwa.

Najua utaniuliza la mauaji ya kimbari ya 1994, kwa sababu kila Aprili unaniuliza kwa macho. Watutsi walikimbilia parokia ya Shangi na ya Mibilizi, wakidhani kwamba pale Mungu yupo zaidi kuliko majumbani mwao, na pale pale wakauawa. Usiniulize siku zile Mungu alilala wapi. Nimemwuliza mwenyewe, na bado namwuliza. Ninalojua ni kwamba wengi wa waliowaua walikuwa watu waliobatizwa, nao pia walikuwa na ratiba, wakaweka saa ambazo si za Mungu. Ndiyo sababu siliamini tena joto la kifuani, langu wala lako, wala la mchungaji mwenye vipaza sauti vinne. Likija, shukuru. Lisipokuja, hujapoteza kitu.

Sasa wodini. Mimi si mtu wa mafundisho marefu, nitakuambia ninachofanya. Ninapochota sambaza, kabla ya kumimina kwenye mfuko wa mteja, nasema neno moja moyoni: Unaona. Basi. Siombi kitu, sitoi sifa. Siku nyingine nasema kwa furaha, siku nyingine nasema kwa hasira, hasa mteja akiwa msumbufu, na kuna siku nzima nasahau hadi nimefika nyumbani. Nikikumbuka naanza hapo nilipo. Wewe unanawa mikono mara ngapi kwa zamu moja? Kila unapofungua bomba, una nafasi yako.

Jambo jingine. Ulipokuja Krismasi nilikusikia ukiongea na mwenzako kwenye simu: kitanda cha saba kimekataa dawa, kitanda cha tisa kinalia. Nikanyamaza kwa kuwa ulikuwa umechoka. Mwanangu, kitanda hakilii. Mtu aliyelala hapo ana jina, na kwa nchi yetu hii uwezekano ni mkubwa kwamba Imana yumo ndani yake. Labda ni Hakizimana, Mungu ndiye aponyaye. Labda ni Uwimana, wa Mungu. Labda ni Habimana, yaani Mungu yupo, hakuna zaidi. Mtu akiitwa hivyo, huwezi kumwambia ageuke umchome sindano bila kutamka lile unalolitafuta kwenye kesha. Jaribu wiki moja, uite majina. Kisha uniandikie, hata kama ni kuniambia kwamba shangazi amezeeka.

Nimekutumia makopo mawili ya sambaza kwa basi la Jumanne alfajiri. Dereva anamjua mdogo wako. Ukiwapokea waanike tena jua la siku moja, kwani mvua ya msitu wa Nyungwe huingia hadi ndani ya buti la basi, na safari iliyopita waliota ukungu.

Ni mimi shangazi yako.