Kijiko kimoja cha mkojo

Daktari alikuwa amemaliza kueleza habari za vali ya moyo. Akageuza karatasi, akauliza kama mtu anayeulizia njia: "Mama, viungo vikimuuma huko nyumbani huwa unampa nini?"

Mama alimtazama binti yake wa miaka 12, kilo 30 tu, aliyekuwa akichezea kamba ya kiatu. Jibu lilikuwa kwenye kopo juu ya kabati, kule Bagara mjini Babati: vidonge vya diklofenaki kutoka duka la dawa muhimu. Magoti yalipovimba alimeza. Maumivu yalipohamia kwenye vifundo vya miguu alimeza tena. Juu yake ilikuwepo mizizi ya kuchemsha aliyoleta bibi. Baba naye alikuwa ameonya kwa simu: "Habari za dawa usizitaje, watawarudisha."

Alizitaja. Zote, na mizizi pia.

Mtoto alikuwa na ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Huanza na koo la kawaida lenye bakteria, ambalo nyumba nyingi hulitibu kwa chai ya tangawizi. Baadaye viungo huvimba kimoja baada ya kingine, na vali za moyo huharibika kimyakimya. Ndiyo maana walikuwa wamefika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015.

Vipimo vya damu vilionyesha kreatinini iko juu. Upasuaji ukaahirishwa.

Mama alikasirika, na nani asingekasirika? Nauli ilikuwa imekwisha kutumika, na shangazi wa Mbagala alikuwa ameambiwa ni wiki moja tu. Daktari akavuta kiti. Akaeleza kwamba moyo utasimamishwa, na mashine itachukua damu kwa mirija, itaitia oksijeni na kuirudisha mwilini. Mashine ya namna hiyo ilifanikiwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1953, mikononi mwa John Gibbon. Imewaokoa wengi, lakini figo haziifurahii. Zimezoea kupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwenye mashine damu huchanganyika na maji, baadhi ya chembe nyekundu hupasuka, na presha ikishuka figo ndizo za kwanza kulalamika.

"Damu ikipungua, figo hutanua mishipa yake midogo ili zipate chochote," alisema. "Diklofenaki huizuia isitanuke. Ibuprofeni vilevile. Sasa mtoto aende kwenye mashine figo zake zikiwa hivyo?"

Mama aliuliza kama hakuna sindano ya kuzilinda. Hakuna ya kutegemewa. Hata dawa za kuongeza mkojo huongeza mkojo, si ulinzi. Kinga ni kazi ya kuchosha: kuacha dawa zenye madhara mapema, kutomwacha mtoto akaukiwe na maji, kutunza presha, na kutomweka kwenye mashine muda mrefu kuliko inavyolazimu.

Baba hakupokea simu kwa siku mbili. Ya tatu alituma pesa ya chakula, bila maneno.

Kreatinini iliposhuka, binti akaingizwa chumba cha upasuaji. Usiku ule, kwenye uangalizi maalumu, mama aliruhusiwa kusimama kitandani dakika chache. Hakuutazama moyo kwenye skrini. Aliutazama mfuko wa mkojo. Nesi alimwambia wanataka angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani mililita 15. Kijiko kimoja cha chakula. Ukikaa chini ya hapo saa 6 mfululizo, figo zimeumia. Zikigoma kabisa, mtoto husafishwa damu kwa mashine nyingine hadi zitakapoamka.

"Saa hii amefikisha?"

"Kumi na mbili."

Mama akarudi kwenye benchi. Saa iliyofuata ilikuwa 14. Alfajiri, 26, na nesi akatoka mwenyewe kumwambia.

Siku hizi binti huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 4, na yeye ndiye anayeikumbuka tarehe. Kopo bado lipo juu ya kabati, lina vifungo vya mashati. Bibi aliuliza kama alete mizizi safari hii. Baba ndiye aliyemjibu: "Mama, lete maziwa."